Mgongo wa Gramu na Jiwe Lililokataliwa

Walimwita Gramu. Aliyembandika jina hilo alikuwa muuza duka mmoja ambaye mizani yake ilikutwa inazidisha gramu tatu. "Gramu tatu, mzee wangu? Hata nzi akitua hapo zinapatikana!" muuza duka alilalamika mbele ya wateja. Mkaguzi hakupandisha sauti. Alikunja mikono akasema, "Basi tusubiri nzi aondoke, tupime upya." Na akasubiri kweli, dakika nzima, akiitazama sahani ya mizani kama mtu anayengoja mgeni. Wateja walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku hiyo jina likamganda, na sasa, baada ya miaka ishirini na sita ya kukagua mizani za watu, hata mkewe alilitumia alipotaka kumchokoza.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea sebuleni, na meza yake ya kukatia nguo ilichukua nusu ya chumba, hata wageni walizoea kujipenyeza ubavu ubavu ili wafike kwenye kochi. Watoto walikuwa wameshaondoka, wa kiume kaoa, wa kike kaolewa. Nyumbani walibaki wao wawili, cherehani, na saa ya ukutani ambayo Gramu aliirekebisha kila Jumapili kwa milio ya redio kabla ya taarifa ya habari.

Mkewe alimjua kuliko alivyoijua tepu yake ya kupimia. Alijua kwamba hawezi kununua hata kilo ya sukari bila kwanza kuinama, kufumba jicho moja na kuangalia kama mshale umesimama penye sifuri. "Mizani isiyoanza na sifuri ni mwongo aliyevaa tai," ndivyo alivyosema kila mara. Alishasema hivyo sokoni, alishasema harusini, na mara moja alimwambia mkwewe aliyekuja kuposa. Mkewe aliweza kuyasikia maneno hayo kabla hajafungua kinywa.

Kilichomsumbua Gramu kilikuwa mgongo, ile sehemu ya chini, juu kidogo ya mshipi wa suruali. Haukumchoma wala haukumkata. Ulichoka tu. Asubuhi alitoka nyumbani amenyooka kama rula. Saa sita mchana alianza kuinamia mbele kidogo kidogo. Jioni alifika mlangoni ameshika ukuta kwa mkono mmoja, anavua viatu kwa kuvikanyaga visigino, kwa maana kuinama kufungua kamba kulitaka nguvu asizokuwa nazo. Mkewe alimshonea mkanda mpana wa turubai, wenye pamba ndani na vifungo vinne. Gramu aliuvaa chini ya koti lake la kazi, akawa anatembea kama mtu aliyemeza ubao.

Mambo yaliharibika mwaka jana, ndani ya ghala kubwa la nafaka. Ghala hilo lina mizani tatu za chini, zile ambazo toroli hupandishwa pamoja na magunia yake. Kuzikagua ni shughuli. Mkaguzi hubeba mawe ya mizani ya ofisi, kila moja kilo ishirini, mawe hamsini kwa jumla, na kuyapanga juu ya mizani moja baada ya jingine, akisimama kila baada ya mawe kumi kusoma namba. Akimaliza huyashusha, na kuhamia mizani inayofuata. Sheria ya ofisi ni kwamba anayeyagusa ni mkaguzi mwenyewe, kwa kuwa jiwe likitupwa hupoteza chembe, na jiwe lililopoteza chembe halifai tena kumhukumu mtu. Hesabu yake: mara mia na hamsini kupandisha, mara mia na hamsini kushusha, kwa siku moja.

Mwaka jana Gramu alifika jiwe la thelathini na mbili kwenye mizani ya pili. Aliliinua, akalifikisha magotini, na mgongo ukakataa. Alilitua jiwe taratibu, hata kwenye shida hiyo hakulitupa, kisha akaenda kujilaza juu ya magunia. Dereva wa ofisi, mtu wa mizaha ambaye hajawahi kukaa kimya hata msibani, siku hiyo alikunja koti lake akamwekea chini ya kichwa. Kazi iliahirishwa.

Mkuu wa ofisi alimwita. Alikuwa mwanamke aliyempita Gramu kwa cheo lakini si kwa umri, na kazi alikuwa amefundishwa na Gramu huyo huyo.

"Mzee wangu," alimwambia, "sitaki kukuona tena umelala kwenye magunia kama mzigo. Ya mwaka huu yamepita. Mwakani ukishindwa kulimaliza ghala lile, nakuleta ndani. Utakaa mezani, utagonga mihuri."

"Mihuri ya mizani ambazo sijaziona?"

"Ya mizani walizoziona wenzako."

Mtu mwingine angeshukuru. Kiti, feni, chai ya saa nne, miaka mitano iliyobaki mpaka kustaafu anaimaliza kivulini. Gramu alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwa sauti yake ileile ya chini: "Wanataka niweke muhuri kwenye kitu ambacho jicho langu halijakigusa. Ni kama wewe ukatie watu nguo kwa kusimuliwa unene wao kwenye simu."

Mkewe alimaliza pindo lililokuwa chini ya sindano. Alizima cherehani, na kesho yake akampeleka kwa daktari wa viungo.

Daktari wa viungo katika kituo cha afya alikuwa binti mwembamba mwenye mikono ya mtu anayechota maji. Alimwambia Gramu alale kifudifudi kitandani, kitanda kiishie nyongani, kuanzia hapo kifua na kichwa vibaki hewani. Miguu akaifunga kwa mkanda. "Kunja mikono kifuani, jinyooshe sawasawa, ukae hivyo mpaka ushindwe." Akabonyeza saa. Gramu alikaa hewani kama daraja ambalo ng'ambo yake haijajengwa. Akaanza kutetemeka, akashuka.

"Sekunde hamsini na mbili," alisema daktari. "Baba, mgongo wako si mbovu. Unachoka mapema kuliko kazi yako. Na najua kwa nini. Hebu okota hicho kiatu."

Gramu akaokota.

"Umeona? Unajikunja katikati kama karatasi. Mlango haukunjiki katikati, baba, unakunjika kwenye bawaba. Bawaba yako ni nyonga. Makalio na mapaja yako hayafanyi kazi, yamemwachia mgongo mizigo yote, naye ni mmoja."

"Mwajiriwa mmoja anafanya kazi ya ofisi nzima," alisema mkewe.

"Ndiyo hivyo, mama." Daktari akavuta kutoka pembeni chuma cha mviringo chenye mkono mpana juu, mfano wa birika lililonyimwa mdomo. "Kwenye jimu wanaliita kettlebell." Akalishika kwa mikono miwili, akarudisha makalio nyuma, chuma kikapita katikati ya miguu, halafu akajinyoosha ghafla, nacho kikaruka mpaka usawa wa kifua, kikarudi, kikaruka. "Nguvu inatoka nyongani. Mikono ni kamba tu. Mgongo unabaki umenyooka, haujikunji. Mara tatu kwa wiki, taratibu, ukiongeza kidogo kidogo. Utazoea kuutumia mwili wote, na mgongo utachelewa kuchoka. Kila baada ya wiki mbili uje nikupime, asubuhi, siku ambayo umepumzika."

Gramu alikuwa amekiinamia kile chuma, jicho moja kalifumba. "Daktari," alisema, "hili ni jiwe la mizani. Limenenepa tu."

Akacheka, jambo ambalo mkewe alikuwa hajalisikia tangu siku ya ghala.

Kwa wiki mbili alikwenda kituoni kufundishwa, mpaka daktari aliporidhika kwamba mlango umepata bawaba. Cha kufanyia mazoezi nyumbani alikijua tayari kilipo. Stoo ya ofisi kulikuwa na rafu ya mawe yaliyokataliwa, yaliyochongwa alama ya mkasi, mistari miwili iliyopishana, ili yasije yakatumika tena. Miongoni mwao lilikuwepo jiwe moja la zamani la kilo kumi, la duara, lenye mkono juu, lililodondoshwa na mtu aliyekwisha kustaafu. Gramu aliandika barua ya kuliazima, nakala mbili. Mkuu wa ofisi alisaini akitikisa kichwa. Dereva ndiye aliyelibeba mpaka sebuleni.

"Shemeji," alimwambia mke wa Gramu, "mumeo kaleta mke wa pili. Kilo kumi kamili."

"Si kamili," Gramu alimsahihisha. "Lina upungufu wa gramu kumi na nane."

"Basi kambembeleze ale, arudishe mwili!"

Mkewe aliliita Birika, akaliwekea kipande cha zulia chini ya meza ya kukatia, lisije likamchubulia sakafu. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Gramu akitoka kazini alibadilisha shati, akapanua miguu katikati ya sebule, akaanza. Birika likipita katikati ya magoti, likipanda, likishuka. Mkewe alisogeza vitambaa mbali. Mwanzoni mume alikunja uso kama anayehukumiwa. Kisha mwili ukashika mdundo, pumzi ikitoka kwa kila mpigo, fuu, fuu, fuu. Mara kumi kisha kupumzika, huo ndio mzunguko. Alianza na mizunguko mitatu.

Hapo ndipo Gramu alipoongeza lake. Kupimwa kila baada ya wiki mbili hakukumwingia akilini. "Mizani inayokaguliwa kwa nadra ndiyo inayopata muda wa kuiba," alisema. Kwa hiyo kila alipomaliza mazoezi, papo hapo, huku jasho likimchuruzika, alipanda juu ya meza ya kukatia nguo, akaweka mto chini ya nyonga, kifua akakiacha hewani. Na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mkanda wa kufungia miguu, mkewe alipanda juu ya kiti, akaja kukaa juu ya mashavu ya miguu yake.

"Ukivunja meza yangu utanitengenezea nyingine kwa meno."

"Tazama saa, mama."

"Naiona. Na wewe tazama sakafu, usiniongeleshe."

Siku za kwanza aliona haya, mtu mzima kukalia miguu ya mumewe kama kuku juu ya mayai. Baadaye akaja na kazi yake ya mkono, pindo za sketi na vifungo, akawa anashona hapo juu huku saa inahesabu. Mume akishaishiwa pumzi na kushuka, mkewe bado alibaki amekaa mpaka amalize uzi wake.

"Mama, nimeshuka."

"Subiri. Vifungo viwili."

Gramu aliandika kila kitu kwenye daftari la jalada gumu: tarehe, mizunguko, sekunde. Na daftari likaanza kumvunja moyo. Arobaini na saba. Arobaini na sita. Arobaini na nne. Mizunguko ilipanda, mitatu, minne, sita; sekunde zilishuka. Siku ambayo daktari alitakiwa kumpima hakwenda. "Nitakwenda kumwonyesha nini? Aibu?" Akakaza zaidi. Mizunguko minane: sekunde thelathini na tisa.

Mkewe aliyaona mengine, lakini hakujua yana maana gani. Aliona kwamba mume anafungua kamba za viatu sasa, anavivua kwa mikono kama watu. Aliona kwamba ule mkanda wa turubai unashinda kwenye msumari nyuma ya mlango siku mbili tatu bila kuguswa. Alipomgusia, Gramu alisema ni joto tu.

Jumamosi ya wiki ya sita, baada ya chai ya jioni, Gramu alimletea karatasi. Mkewe alikuwa na pini nne mdomoni.

"Nisomee, uangalie kama kuna kosa."

Ilikuwa barua kwa mkuu wa ofisi. Mwandiko umenyooka, pambizo zimepigwa kwa rula. *Kwa heshima naomba nihamishiwe kazi za ndani kabla ya ukaguzi wa ghala, ili nisiitie ofisi aibu kwa mara ya pili.*

Mkewe alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kifuko chake.

"Nani kakwambia umeshindwa?"

"Namba."

"Namba gani?"

Akamfungulia daftari. Alimpitishia kidole chini ya kila mstari, hamsini na mbili ya kwa daktari, kisha kushuka, kushuka, mpaka thelathini na tisa. "Namba hazina shemeji, mama. Hazimpendelei mtu. Kile chuma kinanimaliza."

Mkewe aliinamia daftari kwa muda. Yeye hakusoma sana, lakini miaka thelathini ya kupima watu humfundisha mtu kitu. Alikumbuka jasho lililokuwa likilowanisha mto. Alikumbuka jinsi miguu ile ilivyokuwa ikitetemeka hata kabla hajaikalia.

"Nikuulize, baba. Mteja akija nimpime kiuno, nikamwambia kaa kwanza, nikamlisha sahani mbili za wali, halafu ndiyo nikazungusha tepu. Sketi itamkaa?"

"Itampwaya."

"Kwa nini?"

"Si umempima ameshiba. Ungempima kab..." Kidole cha Gramu kilisimama kwenye thelathini na tisa. 

"Malizia."

Gramu aliliangalia daftari. Akaliangalia Birika chini ya meza. Akaondoa miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la vioo.

"Sikuanza na sifuri," alisema.

"Hukuanza na sifuri!" Mkewe alipiga makofi. "Miaka ishirini na sita unatufokea na sifuri!"

"Sijawahi kufoka."

"Unanong'ona, na ndiyo mbaya zaidi! Kinyozi hajinyoi, nilikuwa nasikia, leo nimemwona na ninaishi naye. Unauchosha mgongo, unauchosha, halafu unaupandisha mezani kuuliza mbona umechoka! Na kadiri unavyoongeza mizunguko ndivyo unavyopanda umechoka zaidi. Si lazima sekunde zishuke? Na binti wa watu alikwambia: asubuhi, siku ya kupumzika. Alikwambia au hakukwambia?"

"Aliniambia."

"Basi mwongo aliyevaa tai ni wewe."

Gramu aliyapokea yote ameinamisha kichwa, lakini mkewe aliona pembe ya mdomo wake inacheza. Barua hakuichana, kwa maana hakuwa mtu wa kuchana karatasi nzuri. Aliigeuza upande wa nyuma, akachukua rula, akapiga mistari mipya.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa Ijumaa. Walikubaliana Jumapili ipite bure, na Jumatatu alfajiri, kabla ya chai na kabla ya Birika, Gramu akapanda mezani. Mkewe alikaa mahali pake. Hakuja na nguo ya kushona. Mikono yake ilikuwa imekumbatia magoti.

Thelathini ikapita, mgongo ukiwa umetulia kama rafu. Hamsini. Hamsini na mbili. "Umezipita za kwa daktari," alisema mkewe. Sitini. Sabini. Saa ya ukutani iligonga kwa vishindo. Kwenye sabini na sita mtetemo ukaanza, mdogo, na mkewe akajikuta naye anabana pumzi kama vile ni yeye aliyening'inia.

"Themanini na tatu!"

Gramu alikuwa ameshuka, shavu limegusa mguu wa meza. "Saa imekimbia," alisema.

"Mgongo ndio umekimbia."

"Niwashie redio."

Hakukubali mpaka milio ya taarifa ya habari ilipothibitisha kwamba saa ile haikuwa imekosea hata sekunde moja. Ndipo alipoandika kwenye mstari wa kwanza, nyuma ya ile barua: *themanini na tatu*. Akapigia mstari chini, kwa rula.

Miezi iliyobaki kabla ya ghala aliitumia kama alivyoelekezwa. Daktari alimpa idhini ya kupanda mpaka jiwe la kilo kumi na tano, na dereva akalileta na mzaha mwingine wa mke wa tatu ambao mke wa kwanza aliujibu kwa kumtupia mkasi wa karatasi.

Siku ya ghala, Gramu aliondoka alfajiri. Mchana, mkewe alipofungua mlango wa chumbani kutafuta khanga, aliuona mkanda wa turubai bado unaning'inia kwenye msumari, vifungo vyake vinne vimetazama ukuta.  Kwa kazi ya kawaida sawa, lakini leo? Kuinua na kushusha mawe mara mia tatu? Mtu huyu akiwa na jambo kichwani husahau hata miwani iliyo puani! Aliacha kitambaa nusu kimekatwa, akauzungushia mkanda gazeti, akatoka mbio.

Dereva alimwona getini mwa ghala. "Shemeji! Umekuja kubeba mawe?"

"Kasahau mkanda wake. Yuko wapi? Kaanguka?"

"Njoo mwenyewe uone."

Ndani kulikuwa na vumbi la nafaka lililotulia hewani na mwanga mrefu kutoka madirisha ya juu. Mkuu wa ofisi alikuwa amesimama na ubao wa kuandikia. Gramu alikuwa kwenye mizani ya tatu. Mkewe alisimama nyuma ya nguzo, na kitu cha kwanza alichokiona ni makalio ya mumewe yakirudi nyuma, magoti yakilegea kidogo, mgongo umenyooka kama ubao wa kupigia pasi. Kisha nyonga zikasukuma, na jiwe la kilo ishirini likapanda kana kwamba lenyewe lilikuwa na safari huko juu. Akatembea nalo hatua nne, akakunja nyonga tena, akalitua bila kishindo. Akarudi. Ilikuwa mwendo uleule wa sebuleni. Hata pumzi ilikuwa ileile, fuu, fuu.

Mkewe alikaa juu ya gunia, mkanda mapajani, akayahesabu mawe yaliyokuwa juu ya mizani, akaendelea kimoyomoyo. Ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini. Gramu akasoma namba, mkuu akaandika. Thelathini na mbili, namba ileile iliyomwangusha mwaka jana kwenye mizani ya pili, jiwe likapanda, likatua. Dereva alijikuna kichwa akatazama kando.

Jiwe la arobaini na moja Gramu aliliinua, akafika nalo ukingoni mwa mizani, na akasimama.

Hakulitua, hakusogea. Uso wake umeinama. Mkuu alishusha ubao. Dereva alitoka nguzoni hatua moja, akakumbuka sheria, akasimama. Mkewe alikuwa ameshanyanyuka bila kujijua, mkanda umeanguka miguuni.

"Mzee wangu?" aliita mkuu, kwa upole.

"Kuna punje," alisema Gramu.

"Kuna nini?"

"Punje. Chini ya jiwe. Imenata." Akakunja nyonga, akalitua jiwe sakafuni kwa ubavu, akatoa kitambaa mfukoni, akaing'oa ile punje moja ya nafaka, akaitazama kwa jicho moja, akaiweka mfukoni. Kisha akaliinua jiwe upya, likapanda kwenye mizani. "Sasa andika."

Dereva alicheka mpaka akakaa chini. "Sisi tunataka kumwitia machela, mwenzetu anasaka punje!"

Gramu ndipo alipomwona mkewe. Aliuangalia mkanda sakafuni. "Sikuusahau," alimwambia tu, akaenda kuchukua jiwe la arobaini na mbili.

Alipanga mpaka la hamsini. Alishusha mpaka la hamsini. Aliposhusha la mwisho hakwenda kwenye magunia. Alisimama akajipangusa mikono. Mkuu aliandika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akapiga saini.

"Mkaguzi mmoja, mizani tatu, siku moja," alisoma kwa sauti. "Basi, mzee wangu, mihuri nitamtafutia mtu mwingine. Umechoka?"

"Nimechoka sana."

"Mgongo?"

"Mapaja," alisema Gramu, na mkewe hakuwahi kumsikia mtu akijisifia kitu kwa namna ile. "Mapaja na makalio, hayatamaniki. Mgongo uko karibu na sifuri."

Jioni ile alifika nyumbani akafungua kamba za viatu kwa mikono, moja baada ya nyingine, akavipanga ukutani. Mkewe alishasafisha meza ya kukatia. Mto ulikuwa tayari, na saa alishaitazama.

"Leo hatupimi," alisema Gramu. "Mizani ikitoka kwenye kazi kubwa huachwa itulie. Mwenyewe ulinifundisha."

"Nani kasema tunapima?"

Gramu alijilaza kifudifudi juu ya zulia, shavu kwenye mkono, macho yameshaanza kufumba. Mkewe alichukua sketi ya mteja iliyobaki pindo na vifungo, akapenyeza uzi kwenye sindano, akaja kukaa juu ya mashavu ya miguu yake, mahali pake palepale. Miguu ilikuwa bado ya moto.

"Mama," alisema mume, nusu usingizini, "nimeshuka kitambo."

"Najua," alisema mkewe, akavuta uzi. "Vifungo viwili."